Walijiandikisha 63, asubuhi walikuja 19: kisa cha tamasha letu la mtaa

Nianze na namba kabisa ili tusizungushane. Waliojiandikisha kujitolea walikuwa 63, waliotokea Jumamosi asubuhi 19, na waliobaki mpaka tenti ya mwisho inakunjwa usiku wa Jumapili walikuwa watu 5, mmoja wao mimi, nimekaa juu ya kreti saa 7 usiku naangalia lundo la takataka na kujiuliza hivi nani alinituma. Nilikuwa mratibu wa watu wa kujitolea, cheo kizito hicho, kwa hiyo hiki kisa siwezi kukisimulia kama vile nilikuwa napita tu njiani. Mengi yaliyoharibika yalipita mikononi mwangu.

Tamasha lenyewe ni la mtaa, halina kampuni nyuma yake, hakuna kiingilio, na hakuna anayelipwa isipokuwa fundi wa sauti na mwenye genereta. Mwaka wa kwanza tulikuwa marafiki sita, mchana mmoja, spika mbili, watoto wanakimbia huku na huku, wazee wamekaa kivulini, saa 12 jioni kila mtu kwake. Likanoga kweli. Mwaka wa pili likakua kidogo, bado raha. Mwaka wa tatu ndo sifa zikatupanda kichwani: siku mbili, majukwaa mawili, eneo la watoto, vibanda vya wafanyabiashara, maegesho ya magari, yaani kila mjumbe wa kamati alikuja na wazo lake na hakuna wazo hata moja lililokataliwa, maana mtu anajitolea halafu wewe umkatalie wazo lake, unaona kama unamvunja moyo. Tukapanga shughuli zote kwanza, watu tukasema tutawapata. Mwenyekiti wetu kila kikao alikuwa na jibu moja, "watu wapo bwana, watu hawajawahi kuwa tatizo", na sisi tunaitikia kwa vichwa.

Sasa hesabu ambayo ilitakiwa nifanye miezi mitatu kabla mimi niliifanya wiki mbili baada ya tamasha, tena kwa hasira. Nilichukua karatasi nikaandika sehemu ambazo lazima ziwe na mtu muda wote tukiwa wazi. Lango kuu wawili, lango la nyuma mmoja, maegesho wawili, kila jukwaa wawili, watoto watatu, huduma ya kwanza wawili, meza ya maelezo mmoja, usafi watatu, na wawili wa kuzunguka ili mwenzao akitaka kwenda chooni au kula ashikiwe nafasi. Hao ni 20. Tulikuwa wazi masaa 10 kwa siku, siku mbili, kwa hiyo ni masaa 400 ya mtu kusimama mahali. Shifti tulisema ni masaa manne, maana yake shifti 100. Haya, sisi tulikuwa na majina 63. Hata wangekuja wote, wote kabisa, kila mmoja akapiga shifti yake moja, tungepungukiwa shifti 37, na hapo sijahesabu Ijumaa ya kusimamisha tenti wala Jumapili usiku ya kuzikunja. Tamasha lilishakufa kwenye karatasi, ila hakuna aliyekuwa na hiyo karatasi.

Tuliwatafutaje hao 63? Kwa tangazo. Bango zuri sana la rangirangi, TUNAHITAJI WATU WA KUJITOLEA, NJOO UWE SEHEMU YA TAMASHA LAKO, tukalirusha kwenye grupu la mtaa la WhatsApp lenye watu zaidi ya 200, tukabandika na ukutani sehemu mbili tatu. Ukibonyeza unapata fomu inauliza jina na namba ya simu, basi. Haikuuliza unaweza siku gani, haikuuliza unaweza kusimama muda mrefu au hapana, wala unapenda nini au unaogopa nini. Majina yalipofika 63 nikapiga picha skrini nikaituma kwa kamati nikapongezwa na mimi nikajipongeza. Halafu wiki tatu kimya. Hakuna aliyepigiwa simu. Wiki ya mwisho nikawaunda grupu lao, likageuka la salamu na vichekesho, na siku mbili kabla ndo nikatuma ratiba, tena kama picha ya jedwali ambalo herufi zake ni kama sisimizi, mtu lazima avute na vidole viwili atafute jina lake. Watu wakaweka dole gumba. Mimi nikahesabu madole gumba kama watu.

Jumamosi saa 12 asubuhi nilikuwa uwanjani na wenzangu wanne. Mpaka saa 2 wakawa wamefika 19. Saa 4 milango inafunguliwa. Sitaeleza kila kilichoharibika maana vingine ni vidogo na vinachekesha tukikumbuka (tulikaa masaa mawili bila kujua nani ana ufunguo wa choo, kumbe ulikuwa mfukoni kwangu). Lakini kuna mambo mawili siyasahau.

La kwanza ni yule dada wa lango kuu. Aliahidi masaa manne, akakaa tisa. Hakuna aliyekuja kumpokea, hakuna aliyempelekea maji, kila nikipita namwambia "dakika kumi tu dada, namtafuta mtu" na namtafuta kweli ila hayupo. Saa 7 mchana alianza kuniangalia tofauti, saa 11 jioni akavua kile kizibao cha njano akanipa mkononi akasema "kaka, mimi nimemaliza." Hakugomba wala hakupandisha sauti, akachukua mkoba wake akaondoka na Jumapili hakuja. Na ndo mtu wa aina hiyo unayempoteza kwenye mambo haya, we angalia utaona, asiyefanya kazi hachoki, anayechoka ni yule aliyekuja kweli na akabebeshwa na sehemu za wenzake 44.

La pili ni la mtoto. Ilikuwa saa 10 jioni hivi, kivulana cha kama miaka minne kimepotezana na watu wake. Eneo la watoto lilikuwa na vijana wawili badala ya watatu watu wazima niliowapanga, na vijana wenyewe nilikuwa nimewaambia tu "angalieni watoto". Mmoja akakibeba mpaka jukwaani, na mshereheshaji kwa nia njema kabisa akakamata maiki akatangaza jina lake, kwamba amevaa shati jekundu, kwamba yuko hapa jukwaa kubwa, mama yake aje. Ndani ya dakika mbili watu watatu wakawa wamefika pale na mwanaume mmoja anasema mimi ni mjomba wake nipeni. Mtoto analia tu hasemi. Kijana alishaanza kumkabidhi. Ni mzee mmoja, mgeni tu wa kawaida alikuwa amekaa mstari wa mbele, aliyesimama akauliza taratibu, "mjomba, mama yake anaitwa nani? Na miguuni amevaa nini?" Yule bwana akajibu vizuri, alikuwa mjomba kweli, mtoto akamkumbatia, yakaisha.

Ila mimi sikulala usiku ule. Maana tulishautangazia uwanja mzima jina na rangi ya shati, tukampa mtu yeyote majibu ya mtihani kabla hajaulizwa swali. Utaratibu wake si mgumu wala hauhitaji hela: mtoto aliyepotea anakaa sehemu moja inayojulikana na watu wazima wawili, si mmoja, hatangazwi sura wala mavazi, kinachotangazwa ni kwamba anayemtafuta mtoto aende meza ya maelezo, na anayekuja ndo amweleze mtoto wake alivyo, jina linaandikwa, na unamwangalia mtoto mwenyewe anavyompokea. Dakika tano za kufundisha. Nilipanga kuzitumia Ijumaa jioni, lakini Ijumaa jioni nilikuwa nimepanda pikapu nafuata maturubai kwa sababu aliyetakiwa kuyafuata hakutokea.

Na hapa kuna watu huwa wananiambia nakuza mambo, tamasha la mtaa bwana, nini kitatokea. Roskilde kule Denmark ni tamasha lililoanza 1971, linategemea maelfu ya watu wa kujitolea, wana uzoefu ambao sisi hata nusu ya nusu hatuna, na mwaka 2000 walikufa watu 9 kwenye msongamano mbele ya jukwaa. Sisi umati wetu haufiki hata kidole cha ule, sawa, lakini Jumamosi ile mbele ya jukwaa letu hapakuwa na mtu wetu hata mmoja. Mtu wa kusimama pale si pambo.

Baada ya wiki mbili nikafanya kitu ambacho wenzangu waliona ni kujidhalilisha. Nikawapigia simu wale 44 ambao hawakuja. Sikuwapigia kulaumu, niliuliza tu ilikuwaje. Niliwapata 31. Nilitegemea visingizio, na vilikuwepo, misiba, kazi, homa, mmoja aliniambia alisahau na nikamheshimu kwa kusema ukweli. Lakini mengi yalikuwa ya namna hii: sikujua niende wapi. Sikujua niripoti kwa nani. Ratiba sikuiona jina langu (lilikuwepo, chini kabisa, sisimizi). Nilikuwa na masaa mawili tu nikaona aibu kuja kwa masaa mawili. Na jibu lililojirudia kuliko yote, "nilidhani mko wengi."

Lile jibu la mwisho lilinikaa. Kuna jaribio moja maarufu la Marekani, la Darley na Latané, lilitoka 1968, ambapo mtu alisikia mwenzake wa chumba kingine anapatwa na kifafa, cha kuigiza ila yeye hakujua. Aliyeamini yuko peke yake anayesikia, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla kifafa hakijaisha. Aliyeamini kuna wengine wanne nao wanasikia, asilimia 31. Si kwamba wale wa pili walikuwa na roho mbaya, ila kila mmoja alijua mwenzake yupo. Sasa sisi tumechukua ombi letu tumelitupa kwenye grupu la watu 200 na kila mmoja anaona wale 199. Kwenye vikao tulikuwa tunapenda sana kusema kidole kimoja hakivunji chawa, ni kweli hakivunji, lakini vidole kumi vinavyosubiriana navyo chawa anatembea tu juu yake anawaangalia.

Kuna jibu lingine moja tu, la kijana mmoja, na hili lilinichoma kuliko yote. Alisema, "kaka mi nilikuja. Saa 3 nilikuwa pale. Nilikuuliza nifanye nini ukaniambia subiri kidogo ukaondoka na simu sikioni. Nikasubiri nusu saa, nikaona kila mtu yuko bize na mi sijui mtu, nikaenda nyumbani." Simkumbuki. Nimejaribu kumkumbuka sura nimeshindwa. Kwa hiyo waliokuja hawakuwa 19, walikuwa angalau 20, na mmoja nilimfukuza mwenyewe.

Maana kila kitu kilikuwa kwangu. Namba ya mwenye genereta kwangu, orodha kwangu, funguo kwangu, nani anakaa wapi kichwani kwangu. Jumamosi usiku simu yangu ilikuwa na simu 70 na kitu ambazo sikupokea. Na mwezi mmoja kabla dada mmoja aliyewahi kupanga shughuli kubwa kazini kwake alijitolea kunisaidia uratibu, nikamwambia nitakucheki. Sikumcheki. Kwa nini? Nikisema muda haukuwepo nitakuwa nadanganya, ukweli ni kwamba nilipenda kuwa mtu anayeulizwa. Nadhani kazi nyingi za kujitolea zinakufa kwa ugonjwa huu na si kwa uvivu wa watu, lakini ni maoni yangu, mtu anaweza kubisha.

Kikao cha mwaka uliofuata kilikuwa kirefu na kibaya. Nilikuja na ile karatasi ya shifti 100 nikasema tunaanza na mikono tuliyonayo halafu tamasha litakuwa la ukubwa wa hiyo mikono. Siku moja, jukwaa moja. Mwenyekiti akasema tunarudi nyuma, watu watasema tumefulia. Mjumbe mwingine akataka tuige mashindano makubwa, fomu ndefu, usaili, mafunzo ya wiki kadhaa, kwa sababu kasikia Olimpiki ya London 2012 walichuja watu hivyo. Walichuja ndio, waliomba zaidi ya laki mbili wakachukuliwa kama elfu 70, na mimi ningekuwa na foleni hiyo nyuma ya mlango hata mimi ningefanya usaili na tai shingoni. Wewe una watu 20 halafu unawawekea mtihani? Tulipigana maneno mpaka usiku. Mwishowe tukakubaliana siku moja, masaa manane, sehemu 13 za kusimamiwa, na shifti za masaa mawili mawili, jumla 52. Anayetaka mbili anachukua mbili, ila kwa hiari yake na kwa kusema, isiwe kwa kusahauliwa langoni.

Bango tuliliacha kabisa. Tukachagua manahodha watano, na kila nahodha akatafuta watu wake mwenyewe kwa mdomo, anaowajua, mmoja mmoja. Na ombi lenyewe likabadilika, badala ya njoo utusaidie ikawa "njoo ukae lango kuu Jumamosi saa 6 mpaka saa 8 mchana, utakuwa na jirani yako yule, kazi ni kuhesabu wanaoingia na kuwaonyesha choo kiko wapi, unaweza?" Mtu anaweza kujibu swali kama hilo. Anaweza kusema ndio, na cha muhimu zaidi anaweza kusema hapana, na hapana ya mwezi mmoja kabla ni zawadi, kinachoua ni lile "ntajitahidi". Manahodha niliwaambia ntajitahidi iandikwe hapana. Wawili waliniona mkali.

Tukauliza pia mtu anataka nini. Mwanzoni niliona ni mambo ya vitabuni, watafiti fulani wa Marekani mwaka 1998 walizigawa sababu za watu kujitolea kwenye mafungu sita, imani ya moyoni, kujifunza, kazi na ajira, kuwa na watu, kujisikia vizuri, na kukimbia mawazo yako mwenyewe, lakini ukikaa na orodha ya watu halisi unaona kweli. Mwanafunzi mmoja alitaka barua tu ya kuonyesha alifanya nini, haya, kazi ya karani wa orodha na barua ataipata. Bwana mmoja amehamia karibuni hajui mtu, huyo usimpeleke maegesho kule nyuma peke yake, mweke meza ya maelezo kila mtu apite kwake. Na yule mzee wa swali la miguuni amevaa nini, nilimtafuta mwezi mzima, nikampata, akasema miguu yake haisimami tena. Nikamwambia mzee, kazi yako ni ya kukaa. Ndo nahodha wa watoto mpaka leo na vijana wanamwogopa kidogo, vizuri.

Wakapatikana 41. Walikumbushwa kwa sauti ya mtu na si kwa picha ya jedwali, wiki moja kabla, siku mbili kabla, na asubuhi yenyewe. Pale langoni tukaweka mtu mmoja ambaye kazi yake ni kupokea wanaokuja kujitolea na si kingine chochote, jina, maji, kizibao, nahodha wako ni yule pale, twende nikupeleke. Walikuja 36. Kati ya watano wasiofika wanne walitoa taarifa mapema na tukaziba, mmoja aliingia mitini moja kwa moja na bado hapokei simu zangu. Na yule dada niliyemwambia nitakucheki sasa ndo ana orodha, ana namba ya genereta, ana funguo. Siku ya tamasha simu yangu iliita mara tisa. Sikujua nifanye nini na mikono.

Nilienda pia kwa dada wa lango kuu kuomba radhi. Alinipokea vizuri akanisikiliza mpaka mwisho akasema amesamehe, na kujitolea hatarudi. Haki yake. Alikuja na wanawe kama mgeni tu.

Nisije nikaonekana tumeponya kila kitu. Usiku wa kukunja tenti bado ni jipu. Kupanga tenti asubuhi kuna hamu, watu wanapiga picha, kuzikunja usiku hakuna hamu yoyote, muziki umezimwa na kila mtu amekumbuka watoto wake. Mwaka ule tulijaribu kuwa na kikosi maalum ambacho hakifanyi kazi mchana, wanakuja saa 1 usiku wakiwa wapya. Nane waliahidi wakaja watatu, na hao watatu walikuta taa za uwanja zimeshazimwa tukakunja maturubai kwa tochi za simu, moja tulilichana. Mwaka huu tunajaribu kingine, muziki unaisha saa 11 jioni kukiwa bado na mwanga, na tenti za pembeni zinaanza kushuka wakati jukwaa bado linaimba, ili anayekunja awe bado kwenye tamasha na si kwenye uwanja mtupu. Nahodha wa kukunja tenti ni kijana yuleyule niliyemwambia asubiri kidogo. Anahitaji kumi, mpaka jana ana sita, na nilipomwambia aniweke mimi wa saba amenikatalia, anasema nikiwepo watu wataanza kuniuliza mimi.